Ndimu katika chai ya maziwa nusura ivunje posa ya kaka yangu

Wakuu, heshima zenu.

Majivuno ni maradhi. Haya niliyashuhudia kwa macho yangu, na sitatia chumvi, ndimu ilitosha.

Miaka ya sitini, kaka yangu Wandera alifanya kazi relini, Malaba. Siku moja alichungulia behewa la chakula, akaona Wazungu wakinywa chai, mezani pana maziwa na ndimu. Hakuuliza nani anatia kipi.

Elimu hiyo akaileta nyumbani Burumba.

Ikafika siku ya wazazi wa mchumba wake kutoka Namboboto kuja kuona boma letu. Kwetu, wageni wa namna hiyo wakiondoka bila kuonja kitu, binti mmemkosa. Walikuja na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wao.

Chai ya maziwa ikamiminwa. Wandera akakamua ndimu katika kila kikombe. "Wazee, hii ndiyo chai ya wakubwa."

Maziwa yakakatika. Mabonge meupe yakaelea juu ya maji ya kahawia.

Baba wa binti akakiweka kikombe chini. "Maziwa yamekatika mbele yangu. Hata ndoa itakatika. Twendeni."

Mama yetu akajifunika uso kwa leso.

"Labda haijakorogwa vizuri, mzee," akasema Wandera.

(Mwenye majivuno hata akizama husifu maji.)

Shangazi wa binti, aliyekuja nao, hakuinuka. Pua yake ilikwisha kupata habari za kuku jikoni. Alimimina maziwa ya kibuyu chao katika kikombe kitupu, akakamulia ndimu, akakoroga. Yakakatika vilevile.

"Haya, ndugu yangu. Ng'ombe wako nao wamemkataa kijana?"

Akainua kibuyu.

"Ama nikamulie kibuyu chote, tuwaulize vizuri?"

Mzee akacheka mpaka akaketi. "Leteni chai. Isiyo na elimu."

Baadaye nilisoma sababu. Maziwa ni maji yaliyobeba chembe za protini, nazo hukaa mbalimbali kwa kuwa zinasukumana. Asidi ya ndimu ikiyeyuka humo, msukumano hufa, chembe zikashikana mabonge. Joto huharakisha. Hakuna mkosi hapo.

Funzo: ukiiga jambo, uliza kwanza. Na kabla ya kulaumu mizimu, jaribu kikombe cha pili.

Nanyi wakuu, nani kwenu aliwahi kuaibishwa na jambo la kuiga? Semeni bila haya.

Kuku aliliwa, ndoa ikafungwa. Binti yao wa kwanza alipewa jina la shangazi yule: Nabwire.