Pazia la Bi Nalini na Geti la Msituni

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ofisi ya safari pale Neasden, London, Meneja aliniuliza maswali mawili tu. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"India Kusini unaijua?"

"Siijui."

"Kuhesabu je?"

"Mara mbili mbili."

"Basi vua koti, kaa."

Kiongozi wa msafara huhesabu watu wakishuka basi, akawahesabu tena wakipanda. Hekaluni nilihesabu na viatu, maana kila mtu huviacha mlangoni. Jozi ikibaki, mwenyewe bado yumo ndani.

Jioni moja, kwenye hekalu moja kusini ya mji wa Mysore, India, ilibaki jozi ya Bi Nalini, mjane kutoka Thornton Heath, London, aliyedunduliza miaka kwa ajili ya safari ile. Nilimkuta ameketi mbele ya pazia. Makuhani hulifunga wakiivisha sanamu ya mungu. Likifunguliwa ndipo muumini huiona, na hilo ndilo lililomtoa London.

"Bi Nalini, basi linaondoka."

"Na liondoke, baba. Kwani nimekuja kuangalia pazia? Mapazia ninayo nyumbani."

Mbele yetu kulikuwa na msitu, kisha Uti, mji wa baridi juu milimani. Barabara ya msituni hufungwa kwa geti usiku ili wanyama wavuke kwa raha zao. Nikampigia Meneja.

"Mwache! Atafuata na teksi."

"Nimeshuka na wote, nitapanda na wote."

"Na geti likifungwa?"

"Tutalala getini."

"Basi ofisini usirudi!"

"Nitarudi. Koti langu liko huko."

Pazia likafunguliwa. Bi Nalini aliiangalia sanamu, akafuta macho. "Haya, twende. Unangoja nini?"

Geti tulilikuta limefungwa. Tulilala nyumba ya wageni ya jirani, wateja, wengi wao Wahindi waliotoka Afrika Mashariki kama Meneja, wakinilaumu kwa Kigujarati, na walipotaka nielewe vizuri, kwa Kiswahili. Alfajiri basi letu lilikuwa la kwanza kuingia. Tembo na watoto wao walikuwa wamesimama katikati ya barabara. Hakuna aliyenuna tena.

Meneja peke yake alinuna wiki nzima. Kisha akatangaza safari mpya, yenye usiku wa kulala karibu na tembo, bei juu kidogo.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoongoza misafara hunipigia simu, wakiuliza kwa nini ratiba ina saa nzima tupu pale hekaluni. Wanataka waitie ziara ya duka la hariri. Nawaambia waiache, niliipigania kwa Meneja mpaka akachoka. Kaeni mlangoni, mhesabu viatu. Yumo mtu ndani anangoja.