Kufuli la Baba Mdogo

Plastiki mpya iliyopigwa jua ina harufu ya majivuno. Leo imenikuta mbele ya duka la vifaa vya mifugo hapa Karatu, nikacheka peke yangu.

Baba yangu mdogo ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua tangi la plastiki kule kwetu Daa. Alilisimamisha mbele ya nyumba ili wapita njia walione, akafunga bomba lake kwa kufuli, akauvaa ufunguo shingoni kama rozari. Kiangazi hicho ndama wetu alilala chini, ulimi umekauka, hawezi hata kulia. Mama akanishika mkono, tukaenda kuomba maji.

"Shemeji, nisaidie ndoo moja tu. Ndama anakufa."

"Haya ni maji ya wageni, shemeji. Ng'ombe wanakunywa kisimani."

Kisima kilikuwa kimekauka, naye alijua.

Tukiwa bado uani, upepo ulishuka kwa nguvu kutoka Ngorongoro, ukalinyanyua tangi kama kofia na kulibiringisha hadi korongoni. Likapasuka. Halikumwaga hata tone. Bwana mkubwa hakuwahi kuweka mfereji wa kukinga maji ya mvua kutoka paani. Alikuwa amefungia hewa.

Majirani walicheka hadi wakakaa chini. Mama hakucheka. Alikata kitako cha tangi kwa panga, akakipitisha nyumba kwa nyumba, na kila mtu akamimina kikombe. Ndama akanywa humo.

Jioni baba mdogo akabisha hodi. Nilidhani amekuja kuomba radhi.

"Shemeji," alisema, "kufuli langu mmeliona?"