Jani la Isale na Mguu wa Baba

Baba alipopata kiharusi kidogo, daktari wa Moshi mjini alimpima, akamgonga magoti kwa kinyundo, akasema mkono umeshapona ila mguu wa kushoto hautapona wenyewe. Utapona kwa kutembea. Atembee asubuhi na jioni mpaka atoke jasho. Akikaa kitini, mguu nao utakaa, na siku moja ataomba kubebwa. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kama nyumbani kuna mahali pazuri pa kutembea. Nikamwambia tunakaa Machame. Tuna mlima mzima.

Baba alinisogelea tulipofika Bomang'ombe na kushuka kusubiri gari la kupanda juu.

"Nitembee niende wapi?" akauliza.

"Popote, Baba. Ni mazoezi."

"Popote siyo mahali," akasema, akanunua karanga.

Nilidhani ni ukaidi wa mgonjwa. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hurithi nyumba ya wazazi, na pamoja na nyumba hurithi wazazi wenyewe. Kwa hiyo nilikuwa nimefunga duka langu la vipuri mjini, nikarudi kwenye kihamba chetu: migomba, kahawa chini ya migomba, na ng'ombe wawili bandani ambao tangu wazaliwe hawajawahi kutembea hata kidogo na wana afya kunizidi. Nilirudi na tumbo la dukani. Nikaona heri nimpe Baba mfano. Asubuhi moja nikavaa raba na traksuti, nikatoka mbio kufuata barabara ya vumbi mpaka kanisani.

Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia kuna moto, kuna mwizi, au kuna msiba. Niliporudi, jasho likinitiririka, nikakuta akina mama wamekaa uani kwetu na khanga mabegani, mmoja ameshateremsha mkungu wa ndizi, na Mama anawaeleza kwa mara nyingine kwamba hajafa mtu, ni mwanawe anapunguza tumbo. Walinitazama tumbo, wakakubali. Ndizi haikuwa adabu kuzirudisha, tukazipika mtori. Baba alikula bakuli mbili, akasema kama hayo ndiyo mazoezi basi tuendelee.

Nilibadili mbinu. Kama anataka mahali pa kwenda, nitampa. Nikamtuma dukani akalete chumvi. Nikamtuma akapeleke maziwa kituoni, akaulize bei ya dawa ya kupe, akampelekee mzee wa kanisa salamu ambazo mzee wa kanisa alikuwa ameshazipata. Baba alienda kote huko bila kulalamika. Tatizo likawa heshima. Huku kwetu mzee mwenye fimbo hawezi kuachwa atembee. Mtu wa kwanza atampokea mzigo, wa pili atamkaribisha mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi, na wa tatu ana pikipiki. Baba alikuwa anatoka nyumbani kwa miguu na kurudi kwa bodaboda, mikono mifukoni, kama diwani. Daktari alitaka jasho. Yeye alitoa harufu ya mbege, na suruali zikaanza kumbana.

Nilikwenda kuzungumza na vijana wa bodaboda pale njia panda. Niliwaeleza kuhusu mguu, kuhusu daktari, kuhusu kiharusi cha pili. Walinisikiliza kwa huzuni ya kweli.

"Tumekuelewa, bro," akasema mmoja. "Lakini mimi nimpite yule mzee anajivuta hivyo? Mama yangu akisikia?"

"Nakuomba umpite."

"Siwezi, bro. Labda nimbebe taratibu."

Ilikuwa heri nicheke, lakini sikucheka, maana nilikuwa nasikia mguu. Baba alivaa katambuga, viatu vya tairi, na cha kushoto kilikuwa kinakwaruza chini kila anapopiga hatua. Kwa sauti ile nilijua alipo hata nikiwa katikati ya migomba: yuko uani, yuko bandani, anaelekea jikoni. Mwanzoni kilikwaruza kidogo. Sasa kilikuwa kinakwaruza kirefu. Pale penye kizingiti cha jikoni Mama alikuwa ameshaanza kumshika kwapa amvushe, na Mama mwenyewe ni mtu wa kupeperushwa na upepo. Usoni sikuonyesha kitu, lakini niliogopa sana.

Mama ndiye aliyeleta lile jani. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe mpakani. Akarudi na gunia kichwani na jani moja la isale mkononi. Akampa Baba akiwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Shika hii," akasema. "Uone kama kuna atakayekubeba."

Isale ni mmea tunaoupanda mipakani, majani marefu ya kijani, hauna ua la maana na ng'ombe hauli. Lakini ukimkosea mtu ukaenda kwake na jani la isale mkononi, umekwenda kuomba msamaha, na yeye hana ruhusa ya kukukatalia. Na mwenye isale hasimamishwi njiani, haulizwi aendako, hapokewi mzigo wala hapewi lifti. Aibu yake ni mzigo wake, na miguu ni yake. Baba alilitazama jani, akamtazama Mama, akatoka.

Dawa ilifanya kazi siku hiyo hiyo. Pale njia panda vijana walizima pikipiki wakainamisha vichwa. Wenye mbege walikumbuka kazi za ndani. Baba alipanda mpaka kwenye mfereji wa juu na kurudi, peke yake, na alipofika nyumbani shati lilikuwa limelowa mgongoni. Kesho yake Mama akamkatia jani jingine. Ikawa ndiyo desturi. Asubuhi mlima ukiwa wazi, ule wakati ambao wageni hupiga picha na sisi hutazama kama nguo zitakauka, ungemwona Baba anapanda katikati ya kahawa na jani lake, mvuke ukimtoka mdomoni. Nilianza kumfuata kwa mbali na traksuti yangu. Nikajifanya natafuta ng'ombe. Kila mtu anajua ng'ombe wetu hawatoki bandani, lakini angalau nilikuwa na jibu. Na niseme ukweli, niliyafurahia matembezi yale. Hewa ilikuwa baridi, mfereji unaimba, na kiatu cha Baba kilikuwa kinakwaruza kifupi zaidi.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba watu wana macho. Mzee anatembea na isale kila siku: je, amemkosea nani? Kijiji kizima kikaanza kupekua kumbukumbu. Mama mmoja alituma salamu kwamba lile suala la kuku alishalisamehe zamani, mzee asijisumbue. Mwenye duka akawa anamwamkia Baba kwa sauti ndogo, kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Mzee wa kanisa alinivuta pembeni baada ya ibada, akaniuliza kwa upole kama kuna kitu kimetokea kule nyumbani, maana dhambi ya wiki nzima siyo dhambi ndogo.

Lakini kulikuwa na mlango mmoja ambao hakuna aliyelazimika kubahatisha. Mwenye kihamba kinachopakana na chetu upande wa chini ni rika la Baba. Walichunga pamoja, wakapata kipaimara siku moja, na walikuwa hawajasalimiana tangu nikiwa shule ya msingi. Sababu ni mparachichi uliokuwa mpakani. Shina lilikuwa kwetu, matawi makubwa yalikuwa kwake, na kila mmoja alikuwa na nadharia yake kuhusu matunda. Mparachichi wenyewe ulishakauka ukawa kuni. Ugomvi ukabaki mbichi.

Yule mzee aliposikia habari za jani, alianza kukaa getini kwake asubuhi na jioni amevaa koti. Mkewe alipika mbege, akasugua vibuyu, akaviweka mezani chini ya kitambaa. Kutoka kwetu lazima uteremke kwanza ndipo ushike barabara ya kupanda mferejini, kwa hiyo njia ya Baba ilipita pale pale. Na Baba akapita. Alipita jana, akapita leo, jani mkononi, macho mbele. Kumpita mtu mlangoni na isale ni kama kumpitishia mwenye njaa sahani iliyojaa, halafu ukaenda kuila kwako. Mbege ikachacha. Ikapikwa nyingine. Nayo ikachacha.

Mama alimwambia Baba mezani, akimenya ndizi bila kuinua macho. "Utaingia kwa yule mtu au hutaingia?"

"Sina kosa. Parachichi lilikuwa letu."

"Basi usibebe tena jani. Unamdhihaki mwenzako."

"Nisipobeba jani wananipakia pikipiki."

Mama akaendelea kumenya. Baba akafikiri, na ninavyomfahamu, alifikiri kwa haki. Kubeba jani bila kuingia ilikuwa dhihaka. Kuingia ilikuwa uongo. Kutoka bila jani ilikuwa pikipiki. Akachagua kiti. Alikaa barazani akakataa kunyanyuka, wala hakuwa na hasira, alikuwa amemaliza hesabu tu. Nilimsihi. Nilimkumbusha maneno ya daktari, nikapandisha sauti, jambo ambalo halifanywi kwa baba, nikamwambia kama ana mpango wa kufa aniambie nikafungue duka langu. Akasema duka ni jambo zuri.

Alipokwenda kulala jioni ya tatu au ya nne, nilisikia kiatu kinakwaruza kirefu tena, kutoka barazani mpaka chumbani, bila kukatika. Nikaenda bandani nikasimama na ng'ombe. Nilikuwa nalia, na sikutaka kuulizwa.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa napogoa kahawa kule mpakani nikaona majani ya isale yanatikisika. Akatokea yule mzee wa chini, katika koti lile lile, anahema. Ana pumu, na kutoka kwake mpaka kwetu ni kupanda tu. Mkononi alikuwa na jani la isale, bichi, alilolikata upande wake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba akapita, na mimi nikamfuata na mkasi wangu, kwa sababu sikuwa tayari kukosa.

Baba alimwona anaingia uani. Alijaribu kusimama, fimbo ikamponyoka. Yule mzee akasimama mbele yake mpaka pumzi iliporudi.

"Nimeona mguu wako haufiki kwangu," akasema. "Nimeleta wangu."

Baba akanyoosha mkono wa kulia, na ule wa kushoto uliokuwa umepona, akalipokea jani kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameshatoka jikoni na vibuyu, na mpaka leo sijui mbege ile aliipika lini. Wakanywa. Waliongea kuhusu mvua, kuhusu bei ya kahawa, kuhusu mchungaji aliyewapa kipaimara na fimbo yake. Parachichi hawakulitaja.

Mgeni alipoinuka kuondoka, Baba naye aliinuka. Mgeni husindikizwa, hata kama umekatazwa na daktari, na Baba hakukatazwa. Nikasikia kiatu kinakwaruza kuteremka njia nzima. Wakafika getini kwa yule mzee, na sasa Baba ndiye akawa mgeni, akakaribishwa, akapewa kibuyu. Alipoinuka kurudi, mwenyeji naye akainuka kumsindikiza. Wakapanda. Wakafika kwetu. Haikuwezekana kumwacha mtu wa pumu arudi peke yake. Wakateremka. Mama akaweka chakula akakifunika, akakifunua, akakifunika tena.

Tangu siku hiyo ndivyo wanavyoishi. Kijana wa bodaboda alisimama mara moja akawaambia wapande wote wawili. Baba akamjibu kwamba hakuna anayesafiri hapa, wanasindikizana tu. Kijana akaliona hilo ni sahihi, akaondoka. Tulipomrudisha Baba kliniki, daktari alimgonga magoti, akamwomba atembee mpaka dirishani na kurudi, akaomba arudie. Akauliza anafanya mazoezi gani.

"Sifanyi mazoezi," Baba akasema. "Nina mgeni."

Nilimwuliza Mama kama siku ile alipompa jani alijua litakapofika. Alikuwa anajaza majani ya ng'ombe. Akaniambia nishike upande ule mwingine wa gunia.

Juzi jioni kulikuwa na ukungu, na Baba alikuwa hajarudi. Nikateremka kumfuata, nimeshaandaa maneno makali kuhusu watu wazima wanaochezea baridi. Nikawakuta pale palipokuwa mparachichi, wamesimama, kila mmoja anasema ni zamu yake kumfikisha mwenzake. Baba akaniona.

"Tangulia," akasema. "Tunakuja."

Nikatangulia. Ukungu ulikuwa mzito, nikigeuka sioni kitu. Nikafanya kama nilivyozoea, nikatega sikio nisikie kile kiatu. Nyuma yangu walikuwa wanatembea wazee wawili. Nilisikiliza mpaka tukafika uani, hakuna kiatu kilichokwaruza, na sikuweza kujua yupi ni Baba.