Shahidi wa Kiti cha Nyuma

Nilimdanganya afisa wa bima, na uongo wenyewe haukuwa hata mtamu. Mama aligonga trela ya miwa kule Kabuchai, na bila gari hawezi kufikisha maziwa mjini. Hii ilikuwa safari yetu ya tatu kwa hiyo ofisi ya Kitale. Tulikuwa tumechoka mpaka tumeacha kugombana.

Afisa alituonya kwamba maelezo yetu yakigongana, gari halitengenezwi. Kisha akaniuliza kama niliona ajali. Ningesema hapana tu, bana.

“Niliona yote,” nikasema. “Trela ilirudi nyuma, nikamwambia Mama, shika breki.”

Mama alifumba macho.

“Ulikuwa umekaa wapi?” afisa akauliza.

“Mbele. Na mshipi nimefunga.”

Afisa aligeuza kompyuta tuone picha ambazo Mama alipiga palepale baada ya kugonga. Boneti imekunjamana, miwa imetapakaa, na kwa kiti cha nyuma ni mimi, mdomo wazi, nimelala fofofo.

“Sasa Mama, huyu ni nani?”

Mama alijibu bila kufungua macho: “Andika alikuwa amelala. Huyu hata Yesu akirudi, atabaki kwa kiti cha nyuma.”