Nilivyomtengenezea baba mkwe white wine huku Amu

Wakuu, heshima zenu. Hii ni yangu mwenyewe na sijatia chumvi, maana mke wangu yumo humu jukwaani na hana huruma nami.

Mimi mwalimu, mtu wa bara, nimepanga kwa Bi Zuhura, Amu, yaani Lamu mjini. Mjane, mcheshi, sharti lake moja tu: ulevi hauvuki kizingiti chake.

Enzi hizo nilikuwa namchumbia huyu mke wangu. Kwao Naivasha wana kishamba cha mizabibu nyuma ya nyumba, na mzee anatengeneza white wine ya familia. Kavu, ya baridi, hujaweka glasi chini unatamani nyingine.

Shida, mzee hakutaka binti yake aje Lamu. "Ni mbali. Atakula nini huko?" Mara mbili nimeenda, mara mbili nimekataliwa.

Ile ya pili nikajitia ujuaji. Nikamwambia hata mimi nina mizabibu, nitamletea divai yangu.

Wakuu, "mizabibu" yenyewe ni mmoja, wa Bi Zuhura, unatambaa ukutani uani!

Nikamwomba zabibu. Akanipa beseni zima, akidhani nakamua sharubati. Nikaponda, nikatia mtungini, nikafunika kwa kipande cha leso, nikasukuma chini ya kitanda. Hamira sikuweka, nani angeniambia? Confidence ya mwalimu wa jiografia hiyo.

Joto la huku mnalijua. Wiki kadhaa baadaye harufu ikafika uani. Nafungua mlango, Bi Zuhura huyo, mikono kiunoni.

"Mwalimu, chumbani mwako mna nini?"

Nikakiri yote. Moyoni nishaanza kufunga virago.

Akanusa mtungi. "Ulitia kitu?"

"Hapana, Bi."

"Imegeuka yenyewe?"

"Yenyewe."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hii si divai, ni siki! Na siki iliyogeuka yenyewe ni halali. Mungu amekuonyesha ndia, mwanangu. Lete jikoni."

Siku ya safari akanipa chupa mbili za achari ya embe aliyoipika kwa siki ile. "Mpe mkweo. Mwambie ni zabibu zako."

Naivasha, mzee kashapanga glasi mezani. Nikaweka achari. Nikasimulia ukweli wote, jasho linanitoka. Nikajua na ya tatu imeenda.

Mzee akaonja na nyama. Akaonja tena. Robo chupa ikaisha.

"Aliyepika hii ni nani wako?"

"Mama mwenye nyumba."

"Ndiye anakulisha?"

"Kila siku, baba."

Akafuta vidole taratibu. "Basi binti yangu hatalala njaa."

Wakuu, nililia mbele ya wakwe, sioni haya.

Somo: ukweni usijitape, na ukiharibu, sema mapema kabla harufu haijakusemea. Haya, nanyi mliwahi kujigamba nini ukweni? Mwageni hapa.

Mzee kanitumia ujumbe asubuhi hii: "Achari imeisha tena. Divai yako usilete."