Sauti ya Marehemu Kwenye Simu ya Kitindamimba

Bibi Sindano, binti wa seremala, mjukuu wa mkunga aliyepokea nusu ya mtaa. Mwenyewe ameshonea maharusi wasiohesabika, kasomesha wadogo zake kwa kukanyaga cherehani, na baba alipokata roho ni yeye aliyemfumba macho. Wosia wake wa mdomo mbele ya wazee ukamtaja kuwa msimamizi wa mirathi, bila kusema nyumba ni ya nani. Heshima hiyo imemchosha kuliko cherehani.

Kaka yake, dereva wa lori, alikwenda mahakamani kudai nyumba ni yake, eti baba alimpa kwa mdomo angali hai. Ikiwa ni kweli, mama yao, ambaye macho yameshamchoka, ataenda wapi? Wakili wa mirathi akawataka watoto wote walete chochote kinachohusu nyumba ile, hata sauti za marehemu zilizo kwenye simu. Basi ugomvi ukawaka.

"Dada anatupekua kama wezi!" dereva alimlalamikia kila shangazi.

Baba hakupenda kuandika. Alikuwa akirekodi sauti tu na kuituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Bibi Sindano, mwenye simu ya vitufe, hakuwemo.

Jioni kitindamimba, msusi, akaja chumba cha kushonea, simu kaibana kwapani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa, lakini usikalie kitambaa cha watu."

"Dada, ukisikiliza za baba utazisikia na zetu. Tumekusema sana humo."

"Mnaniitaje?"

"Hakimu wa Cherehani."

Bibi Sindano alicheka, kicheko kikaishia njiani. "Nani alianza?"

"Mimi."

Aliinamia gauni lililokuwa mapajani, asishone. Angeweza kuomba amri simu ichukuliwe. Angeshinda, halafu angekula meza moja na nani? Na akiiacha, mama atalala wapi? Mgongo ulimuuma, na maneno nayo yalimuuma.

"Mimi sitasikiliza," alisema mwishowe. "Utasikiliza wewe. Mtolee wakili kila neno la baba juu ya nyumba, hata kama anasema kampa kaka yako. Usipunguze, usiongeze."

"Na yetu sisi?"

"Yanayotaja nyumba, toa. Matusi yenu kaeni nayo, sina nguvu ya kuyabeba. Kesho umpelekee wakili. Lakini pitia kwa mama kwanza, umkalishe, umsikilizishe. Ni sauti ya mumewe."