Kipaza Sauti Kilipomtaja Mkubwa

Mimi ni mtu wa Kanyenye, mtu wa lami na maduka, na safari yangu ndefu kwa miguu ni ya kwenda gengeni. Shoga zangu waliposikia nimejiandikisha kwenye matembezi ya hisani ya kuchangia ulinzi wa tembo, walicheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke tu. Njia yenyewe ilikuwa ile ya zamani ya misafara, ambako mababu zetu walibebeshwa pembe za tembo hadi mabega yakachubuka, na ingepita kijijini kwa mama, ukingoni mwa msitu.

Mama anaishi peke yake. Goti lake la kulia halikunjiki, anatembea kwa mkongojo, na kuhamia mjini hataki hata umpigie magoti. Mwaka juzi tembo walimuua jirani yake shambani, mchana kweupe. Tangu hapo nikisikia simu inaita ghafla, moyo unaruka.

Tulitoka asubuhi na fulana za kijivu zenye picha ya tembo kifuani, mbele yetu pikapu yenye spika kubwa. Mshereheshaji ametoka Dar, mdomo haupumziki. Njia nzima ananichokoza: mama wa Kanyenye, miguu ipo au tukuitie bodaboda? Nikamwambia akamtanie mkewe.

Tulipokaribia kijiji, miti ikasongamana pande zote mbili na watu wakaanza kunyamaza kwa woga. Mshereheshaji akaona tumepoa. Akafungua sauti mpaka mwisho, akaanza kuita, akitaka kila mara tumwitikie "wetu": "Tembo! Tembo! Tembo!"

Nikaanza kupenya watu kuelekea mbele. Kule kwa mama hakuna anayelitamka jina hilo. Wanasema mkubwa: mkubwa kapita, mkubwa kala mahindi. Tembo hutajwa wazi kwa jambo moja tu, kwamba ameshaingia na kila mtu aokoe roho yake.

Kabla sijaifikia pikapu kumwambia azime, debe la kwanza la kuonya likalia kijijini. Likafuata la pili, kisha madebe yote, na wanawake wakiita watoto wao. Nikampigia mama. Simu ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena, haikupokelewa. Basi nikatoka mbio, mimi ambaye hata mvua siikimbii, na kichwani namwona yule jirani alivyofunikwa kanga.

Mlango wa mama ulikuwa wazi. Maharage yanachemka jikoni, simu iko juu ya kigoda, mkongojo umeanguka uani. Nikasema basi, tumemuua mama yangu kwa hisani. Mchangani kulikuwa na alama ya mguu ulioburutwa, nikaifuata hadi kwenye mihogo.

Alikuwa amelala kifudifudi katikati ya matuta, kanga kichwani, kimya kabisa. Sikujua kama anapumua. Nikasogea, majani makavu yakavunjika chini ya viatu vyangu, na mwili wake wote ukakakamaa. Yu hai. Kisha akasema, bila kuinua uso, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kumsikia akimpa binadamu yeyote:

"Shikamoo, mkubwa. Pita, baba. Mimi kizee tu, sina kitu."

Mwanamke huyu ndiye aliyenizaa. Maisha yangu yote shikamoo imetoka kwangu kwenda kwake. Nilisimama pale na picha ile ya tembo kifuani, naogopa hata kusema ni mimi, nisije nikammalizia roho kwa sauti yangu. Nikachuchumaa, nikamgusa kisigino polepole.

Akanipa shikamoo ya pili.